Filister Achieng Matiko, Opareta wa Ndhiwa, 1950–2025

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu zetu kutoka Rusinga, majirani wa Kehancha, na wageni wetu kutoka Ndhiwa mliokaa kwenye hema la mwisho karibu na lango, tunawashukuru kwa kufika. Kazi ya kusoma wasifu wa marehemu nimepewa mimi kwa kuwa ni mtoto wake wa kwanza. Programu mliyo nayo mikononi ina aya saba na ukurasa mmoja mtupu, ule wa nne. Mchapishaji asilaumiwe. Kamati ilikataa aya ya nane, na mimi nikakataa kujaza picha mahali pake. Baba mdogo Nyamohanga, mwenyekiti wa kamati, aliniambia jana mchana tukiwa jikoni: "Hiyo maneno wacha, Bhoke. Kesho ni mazishi, si baraza ya chifu. Yule mzee anakuja na vijana wake, na sisi pia tuko na vijana." Nimemsikia na ninamheshimu. Wasifu husomwa kwa nafsi ya tatu, na anayesoma hajitii ndani. Nitaifuata sheria hiyo mpaka pale itakaponishinda.

Filister Achieng alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 kisiwani Rusinga, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Barnaba Okeyo na marehemu Dorka Okeyo. Tangu akiwa mdogo yeye ndiye aliyetumwa kupeleka habari kutoka boma moja hadi jingine, kwa sababu alikuwa akizifikisha neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Bibi yetu Dorka alisimulia kwamba siku moja alimtuma kwa shemeji yake na ujumbe wa hasira, halafu hasira zikamwisha, akamkimbilia njiani kumrudisha. Alichelewa. Ujumbe ulikuwa umeshafika, pamoja na kikohozi alichokohoa Bibi katikati ya maneno.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Rusinga kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha akaendelea na sekondari karibu na mji wa Homa Bay hadi kidato cha pili, karo ilipokwisha. Mwaka 1970 alichaguliwa kwenda Nairobi kufunzwa kazi ya opareta. Walifundishwa kupiga taipu bila kutazama vidole, kuandika hati mkato, na kuongea kwenye simu huku wakitabasamu, maana mwalimu wao alisema tabasamu husikika. Mama alilishika somo hilo vibaya. Hadi uzee wake alitabasamu akiongea na simu hata alipokuwa akimgombeza mtu, na wajukuu wakawa hawajui wakimbie au wakae.

Alianza kazi Homa Bay tarehe 3 Mei 1971. Vijana mliozaliwa na simu mfukoni, nivumilieni kidogo. Simu wakati ule ilizungushwa kwa mkono ili iite. Kule kituoni kulikuwa na bodi kubwa ya mbao yenye matundu, na kila mwenye simu alikuwa na tundu lake na kifuniko kidogo juu yake. Ukizungusha kwako, kifuniko chako kinaanguka kwenye bodi, na opareta anachomeka kamba na kukuuliza unamtaka nani. Akishakuunganisha na mwenzako anafunga ufunguo wake wa kusikilizia, kwa kuwa alikula kiapo kwamba mazungumzo ya watu si yake. Baada ya muda anaufungua, anauliza, "Mmemaliza?" Kukiwa kimya anauliza mara ya pili, "Mmemaliza?" Hapo ndipo anachomoa. Mama alikuwa akiuliza hivyohivyo hata nyumbani kabla ya kuondoa sahani mezani, mara mbili, na ole wake aliyejibu huku bado ana ugali mdomoni. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alisema simu za sasa hazina mtu katikati, na mimi nilikuwa namcheka.

Baba yetu, marehemu Joseph Matiko, alikuwa karani wa tumbaku hapa Kehancha. Mwaka 1973 alipiga simu Homa Bay akaomba namba 61. Sauti nzuri ikamwambia namba 61 haipo. Kesho yake akaomba namba 61 tena. Alifanya hivyo kwa wiki tatu, mpaka opareta akamwuliza, "Bwana, unamtafuta nani kwa hii namba?" Akajibu, "Nimeshampata." Walifunga ndoa kanisani Homa Bay tarehe 7 Desemba 1974, baada ya mazungumzo marefu, kwa kuwa Wajaluo wa Rusinga walitaka kujua huyu Mkuria ametokea wapi, na Wakuria wa Kehancha walitaka kujua hivyohivyo kutoka upande wa pili. Mungu aliwajalia watoto watatu: Bhoke, aliyezaliwa mwaka 1976, Byron mwaka 1979, na Terry mwaka 1986.

Mwaka 1979 alihamishiwa Ndhiwa, akawa opareta mkuu wa kituo kidogo. Baba alibaki kwenye tumbaku na kuja mwisho wa mwezi. Mwaka 1982 alikuja na runinga nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Betri ilipelekwa Homa Bay kuchajiwa, na kwa hiyo runinga iliwashwa Jumapili jioni tu, kwa kile kipindi cha vichekesho kilichoanza na muziki wa tarumbeta. Hakukuwa na runinga nyingine mtaa ule. Watoto wa jirani walijaa sebuleni, na mmoja wao alikuwa na kazi ya kushika waya wa antena dirishani bila kutikisika. Walioishi nasi baadaye Migori wanakumbuka jambo jingine: kwamba mama hakukaa kutazama kipindi kile. Tarumbeta zikianza alikuwa anatoka nje na kusimama uani mpaka ziishe. Tulidhani hapendi upuuzi.

Sasa programu inasema: "Mwaka 1985 alihamia Migori kwa ombi lake mwenyewe." Ni kweli. Lakini kila mtu mzima aliye hapa anajua kilichotangulia ombi hilo, na wengine mmekuja na hasira zake leo, kwa hiyo nitakisema kama kinavyojulikana.

Ndhiwa palikuwa na mwenye duka aitwaye Zadock Odhiambo, na mkewe, marehemu Mellen. Mtoto wao mkubwa, Oliver, alikuwa na miaka kumi na tisa. Jumapili tarehe 21 Oktoba 1984 Oliver alizama ziwani Mbita. Saa moja na dakika tatu jioni ndugu wa Mzee Zadock alimpigia simu kutoka Homa Bay, akamwambia mwili umepatikana, na akamsihi asimwambie Mellen chochote hadi wazee wafike asubuhi, kwa sababu Mellen alikuwa mgonjwa wa moyo na daktari alikuwa ameonya. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Habari ya kifo haibwagwi tu. Huletwa na watu wazima, mtu akiwa amekaa, na wa kumshika wakiwa karibu. Mzee Zadock alinyamaza usiku kucha. Alfajiri alikwenda barabarani kuwapokea wazee. Waliporudi walimkuta Mellen ameanguka nyuma ya duka. Alikuwa ameshaambiwa, kwa kuwa alirudia jina la Oliver tu. Hakuweza kusema nani kamwambia, na saa sita mchana alifariki. Boma lile lilichimba makaburi mawili katika wiki moja.

Simu ile ilipita mkononi mwa mtu mmoja. Laini ya duka ilikuwa ya pamoja: duka, chama cha ushirika, zahanati, na nyumba ya opareta, ambayo iliwekewa simu ili aitwe dharura ikitokea. Mmoja akipigiwa, wengine wakiinua mkono wa simu wanasikia. Ushirika na zahanati vilikuwa vimefungwa Jumapili hiyo. Kwenye baraza ya chifu Mzee Zadock alisimama akauliza: "Kwa nyumba yako kuna simu. Nani alishika?" Mama akajibu: "Hakuna. Watoto walikuwa kanisani na shangazi yao, na nyumba ilikuwa na kufuli. Kama kuna mtu alisikia, ni mimi."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakusema alimwambia Mellen, wala hakusema hakumwambia. Mzee Zadock alimwonyesha kidole mbele ya watu wote akasema: "Filister, siku yako ya kuzikwa nitakuja. Nataka nione kama huo mdomo umefungika." Ni miaka arobaini na moja sasa, na mzee ametimiza neno lake. Yuko pale, ana miaka themanini na sita, na fimbo yake ipo magotini. Karibu sana, Baba. Ninasema hivyo bila kejeli.

Tuendelee. Migori mama aliomba asirudishwe kwenye bodi. Alikaa kwenye taipureta, karatasi tatu na kaboni mbili katikati, na kosa moja lilimaanisha kuanza upya. Aliendesha teleksi, kisha faksi, na aliichukia faksi kwa kuwa karatasi yake ilififia baada ya mwaka, na yeye hakuamini barua inayojifuta. Alistaafu mwaka 2003. Hapa Kehancha alifungua kibanda cha kupiga chapa karibu na soko, na nusu ya barua za kuomba kazi zilizoandikwa mji huu kwa miaka kumi zilitoka chini ya vidole vyake. Kompyuta zilipomshinda bei alifunga kibanda, akaleta taipureta nyumbani, na kila asubuhi akaipangusa vumbi. Kuna watu walimwita "redio" kisirisiri hata huku, kwa sababu neno la Ndhiwa lilikuwa limevuka Mto Kuja kabla yake. Alijua. Kwenye chama cha akina mama, akiingia, mazungumzo yalipungua. Mwanamke aliyebeba maneno ya watu kwa uaminifu tangu utotoni alizeeka akiwa anafichwa habari hata ya ng'ombe aliyezaa.

Alianza kuugua mwezi Machi mwaka huu, miguu ikivimba na pumzi ikimpungukia. Iligunduliwa kuwa ni moyo. Alilazwa hospitali Homa Bay mara tatu. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi saba na siku ishirini na tatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia.

Hapo ndipo programu yenu inapofika, na hapa ndipo ule ukurasa mtupu. Byron, nakuona ukitikisa kichwa. Asubuhi uliniambia: "Sister, mum mwenyewe alinyamaza. Wewe ni nani kusema?" Kaa chini, ndugu yangu. Nakujibu sasa.

Bhoke, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa na miaka minane mwaka 1984. Jumapili ile shangazi alikwenda ibada ya jioni na Byron. Bhoke alisingizia tumbo ili asikose vichekesho. Watoto wa jirani nao walikuwa wamekwenda ibada, kwa hiyo aliwasha runinga mwenyewe, akaongeza sauti. Tarumbeta zilipoanza, simu ya ukutani ikaita mara mbili ndefu na moja fupi, ambao ulikuwa mlio wa duka. Alikatazwa kuigusa. Aliburuta kigoda, akapanda, akainua mkono wa simu, akasikia kila neno mpaka mwisho. Alielewa kwamba Oliver amekufa. Lile la kutomwambia Mama Oliver alilisikia pia, lakini kwa akili ya miaka minane aliona ni mambo ya wakubwa kwa wakubwa.

Asubuhi shangazi alimtuma sukari. Bhoke alimkuta Mama Oliver peke yake dukani akipima. Mama yetu alikuwa ametufundisha, na alitufundisha kwa fimbo, kwamba ukikutana na mfiwa hupiti hivihivi: unasimama, unatoa mikono yote miwili, unampa pole. Basi Bhoke alisimama na sare yake ya shule, akatoa mikono yote miwili, akasema, "Pole sana, Mama Oliver."

"Pole ya nini, nyathina, mtoto wangu?"

"Ya Oliver. Amekufa maji."

Mama Oliver hakupiga kelele. Alimalizia kupima sukari, akafunga karatasi, akaiandika uzito kwa penseli, akampa. Akamwambia, "Nenda, utachelewa shule." Bhoke akaenda.

Mlangoni alimkuta mama ametoka zamu ya usiku. Mama alimtazama sana. "Umemkuta Mama Oliver?" Ndiyo. "Mmeongea?" Hapana. Mama akaichukua ile sukari akaiweka kabatini, na hakuna aliyeitia kwenye chai nyumba ile.

Nafsi ya tatu imenishinda. Bhoke ni mimi. Mzee Zadock, mtu uliyemtafuta miaka arobaini na moja ndiye huyu anayesoma. Ni mwalimu, ana miaka arobaini na tisa, na kila Jumapili tangu wakati ule ameingia kanisani na jambo hili kooni. Nilikua nikimwona mama yangu akipitwa bila salamu, na mimi nikanyamaza, mwanzoni kwa hofu ya kuchapwa, halafu kwa aibu, halafu kwa sababu sikujua tena pa kuanzia. Hilo la mwisho sijajisamehe mimi mwenyewe, kwa hiyo siwezi kukuomba wewe unisamehe haraka.

Mwishoni mwa Septemba, mchana, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake Homa Bay, nilimwambia mama. Nilimwambia yote, hadi kigoda. Aliniacha nimalize. Kisha akasema: "Nilijua siku hiyohiyo."

Nikamwuliza alijuaje.

"Nilifungua ufunguo niulize kama wamemaliza. Sauti ilikuwa imeshuka, na ukishika simu ya tatu kwa laini, sauti lazima ishuke. Halafu nikasikia hiyo muziki. Runinga ilikuwa moja tu, Bhoke. Yangu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa zamu, singeweza kuacha bodi. Nikasema asubuhi nitakimbia nikuambie unyamaze. Nikakuta umeshatoka dukani." Akapumzika, maana pumzi ilikuwa haimtoshi. "Hiyo ndiyo yangu, na mimi pia nimeibeba. Ningetuma mtu usiku."

"Na kwa baraza? Mbona ulisema ni wewe?"

"Ningesema nini? Kwamba ni mtoto? Ungekuwa na miaka minane, na watu wanakuita ile iliua Mellen. Mimi nilikuwa mtu mzima. Wacha waniite redio."

Nikamwambia nitakwenda Ndhiwa kwa Mzee Zadock. Akanishika mkono. "Mimi nikiwa hai, hapana. Atakuangalia wewe na ataniangalia mimi, na hatajua amchukie nani. Aliahidi atakuja kunizika. Atakuja, Zadock hasemi uongo. Utamwambia hapo, mbele ya watu, maana ni mbele ya watu nilidanganya."

Kwa hiyo Byron, hajanyamaza. Amenituma. Na nyote mnajua tangu aya ya pili jinsi alivyotaka ujumbe ufikishwe, neno kwa neno, nami nimeufikisha. Baba mdogo Nyamohanga, baraza ile ilifungwa na uongo, na aliyeusema anataka usizikwe naye.

Marehemu ameacha watoto watatu, Bhoke, Byron na Terry, wakwe wawili, wajukuu saba, na kaka mmoja na dada mmoja huko Rusinga. Ametanguliwa na mumewe Joseph, pamoja na watu wawili ambao hakuwahi kuwasahau katika sala, Oliver Odhiambo na Mellen Odhiambo. Ameacha pia taipureta moja, na pakiti moja ya sukari ya mwaka 1984, ambayo tuliikuta kabatini wiki iliyopita, imekuwa jiwe. Iko hapa mezani. Ina mwandiko wa Mellen kwa penseli: kilo moja. Mzee Zadock, ni yako ukiitaka, kwa sababu nadhani ndicho kitu cha mwisho alichokiandika.

Ulikuja kuona kama mdomo wake umefungika. Ulikuwa umefungika siku zote, Baba. Baada ya mchungaji kusali tutaanza kurusha udongo, na familia imekuwekea koleo la kwanza pale kando ya kaburi. Ukilichukua tutashukuru. Usipolichukua, nitasimama nalo mimi mpaka gari lako litoke langoni, na hakuna kijana wa boma hili atakayekugusa wala kukusemesha. Neno lako la leo, ukiwa nalo, ni langu kulisikia, si la mama.

Mama, najua ungeuliza mara mbili. Nimemaliza. Nimemaliza kweli. Sasa pumzika kwa amani.